MACHO YA MAMA WAKATI WA KUKOMA HEDHI

Safari hii ukurasa wetu unagusa jambo ambalo akina mama hulinong'ona tu, na akina baba hulipita kama haliwahusu. Ni kukoma kwa hedhi. Hatutarudia habari za joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu, maana hizo kila mama mtu mzima amekwisha kuzisikia. Tutazungumza juu ya macho.

Wapo akina mama wengi, hapa Njombe na kule Makambako, ambao macho huanza kuwasumbua katika miaka ileile ambayo hedhi inaanza kupotea potea, wala hakuna aliyewaambia kwamba mambo hayo mawili yaweza kuwa na uhusiano. Wapo pia wanaoambiwa kinyume chake: kwamba kila shida ya macho ya mama wa miaka hamsini ni "utu uzima tu, itapita". Hao hukaa nyumbani wakingoja ipite. Yote mawili si sahihi, lakini hili la pili ndilo linalopofusha watu. Akina baba, tafadhali msifunue ukurasa mwingine. Nauli ya kwenda hospitali mara nyingi imo mifukoni mwenu.

Hedhi hukomaje?

Mama huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kumaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, hali hana mimba, hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayozuia hedhi. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ikitokea kabla ya miaka 45 imekuja mapema. Kabla ya miaka 40 ni mapema mno na yafaa daktari aelezwe. Wako pia waliokoma ghafla kwa sababu ya upasuaji wa kutolewa ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai ya uzazi.

Wakati huo ovari hupunguza sana kutengeneza homoni ziitwazo estrojeni na projesteroni. Homoni ni kama wajumbe wanaotumwa katika damu kupeleka maagizo kwenye viungo. Kuna pia homoni za kiume, androjeni, ambazo mwanamke naye anazo kiasi, na hizo hupungua pole pole kadiri umri unavyosonga. Wengi hudhani kazi ya wajumbe hawa ni uzazi peke yake. Sivyo. Mifupa huwapokea, ngozi huwapokea, na macho pia huwapokea, hasa tezi za machozi na tezi za mafuta zilizo katika kope. Wajumbe wakipungua, jicho nalo hutambua.

Macho makavu yanayotoa machozi

Shida ya macho inayofungamana zaidi na kukoma hedhi ni ukavu wa macho. Mama husema macho yanawasha, yanachoma, au anahisi kama mchanga umeingia. Asubuhi kope ni nzito kufunguka. Akisoma, maandishi yanaingia ukungu, akipepesa macho mara mbili tatu yanarudi kuwa safi. Jioni hali ni mbaya kuliko asubuhi. Ukavu huu huwapata wanawake kuliko wanaume, na huongezeka baada ya hedhi kukoma.

Ili tuelewe, tuangalie machozi yenyewe. Machozi tunayolia nayo msibani ni ya dharura. Yapo mengine ya kila siku, ambayo hatuyaoni, yaliyotandazwa juu ya jicho kama utando mwembamba. Utando huo una ute unaoushikiza kwenye jicho, una maji, na juu kabisa una mafuta. Mafuta hayo hutoka katika tezi ndogo ndogo zilizopangwa ukingoni mwa kope, nyuma tu ya mstari wa nywele zake. Mama anayepika anajua: mchuzi uliofunikwa na mafuta hautoi mvuke upesi kama maji matupu. Ndivyo ilivyo kwa jicho. Mafuta yakipungua au yakiganda, maji ya chini yake hukauka kabla mtu hajapepesa tena. Na hizo tezi za mafuta hutegemea sana zile homoni za androjeni tulizozitaja.

Hapo ndipo mama huuliza: "Mnaniambiaje macho yangu ni makavu, na mimi nashinda nikifuta machozi?" Swali ni la haki. Jicho likikauka huumia, na likiumia hupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba kuna hatari. Ubongo huamuru tezi kubwa ya machozi imwage maji ya dharura. Maji hayo ni mengi lakini hayana mafuta ya kutosha. Yanatiririka mashavuni na kuliacha jicho likiwa kavu kama lilivyokuwa. Baada ya dakika chache mzunguko unaanza upya.

Sasa mchukue mama huyo umpeleke Makambako. Aliyewahi kushuka basi pale njia panda ya kwenda Songea katika miezi ya kiangazi anaujua ule upepo. Si upepo wa kupunga, ni upepo wa kusukuma, nao umebeba vumbi. Mama anayeuza vitunguu kando ya barabara kuu ya Zambia tangu asubuhi mpaka jioni anakaushwa macho saa zote hizo. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, adui ni mwingine. Ni baridi ya Juni na Julai, ambayo huwafanya watu wafunge mlango na dirisha na kukusanyika jikoni penye moshi wa kuni. Moshi huchoma macho na kuharibu ule utando. (Na jiko la mkaa wa miwati lililoingizwa chumbani usiku huku mlango umefungwa lina hatari kubwa kuliko ya macho: linaweza kuua watu wakiwa usingizini. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Tufanyeje basi? Habari njema ni kwamba mengi hayahitaji fedha nyingi. Chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kamua, uweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Kitambaa kikipoa, kichovye tena. Joto hilo huyeyusha mafuta yaliyoganda katika tezi. Kisha kwa kidole safi sugua kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, kope ya juu kwenda chini na ya chini kwenda juu. Fanya hivyo kila siku kwa majuma kadhaa, maana siku mbili hazitoshi. Wakati wa kusoma au kushona kumbuka kupepesa macho, kwa kuwa mtu anayekazia macho hupepesa mara chache. Upikie mahali moshi unapopata njia ya kutoka. Kwenye upepo vaa miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpana.

Kama hayo hayatoshi, kuna dawa ya matone iitwayo machozi ya bandia. Haiponyi chanzo, ila hulainisha jicho, na yaweza kutumika mara kadhaa kwa siku kwa muda mrefu. Mweleze pia daktari dawa nyingine unazotumia. Piritoni inayonywewa kwa mafua na mwasho, amitriptilini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza ukavu. Lakini usiache dawa ya shinikizo la damu kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu ya macho.

Jambo moja lisipitwe. Kama ukavu wa macho umeambatana na ukavu wa kinywa, kiasi kwamba tonge la ugali haliteremki bila maji, na viungo vinauma, huenda si kukoma hedhi peke yake. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Unaitwa kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, na wagonjwa wake wengi sana ni wanawake wa makamo. Hali kadhalika mama mwenye hisia ya mchanga machoni aangaliwe kama nywele za kope hazikugeuka kuelekea ndani na kukwaruza kioo cha jicho, jambo linalotokana na trakoma ya muda mrefu. Hiyo si ya kuwekea kitambaa cha uvuguvugu; ina upasuaji wake mdogo.

Je, tiba ya homoni itasaidia macho?

Watu hufikiri hivi: ikiwa macho yamekauka kwa kuwa homoni zimepungua, basi zirudishwe, na macho yatapona. Hoja inaonekana nzuri, ila mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 25,665 waliokwisha koma hedhi. Waliotumia estrojeni peke yake walikuwa na uwezekano wa ukavu wa macho uliozidi kwa asilimia 69 ukilinganisha na wasiotumia homoni kabisa. Kwa waliotumia estrojeni pamoja na projesteroni au homoni ya jamii yake, ziada ilikuwa asilimia 29. Na kadiri miaka ya kutumia ilivyoongezeka, ndivyo tatizo lilivyoongezeka. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba homoni ndiyo iliyosababisha, na zipo chunguzi ndogo zilizoona nafuu kwa baadhi ya wanawake. Lakini haitoshi hata kidogo kumpa mama homoni kwa ajili ya macho makavu, na madaktari hawafanyi hivyo.

Kwa mtoto wa jicho, matokeo yamegongana: baadhi ya chunguzi ziliona homoni zikikinga kidogo, na nyingine, kama ule wa Sweden uliotolewa mwaka 2010, ziliona waliotumia homoni wakifanyiwa upasuaji kwa wingi kidogo zaidi. Kwa presha ya macho, estrojeni imeonekana kuishusha kwa kiasi kidogo sana, ambacho hakiwezi kuchukua nafasi ya dawa yenyewe.

Je, tiba ya homoni ni mbaya? Hapana. Mwaka 2002 Marekani ilisimamisha jaribio kubwa la wanawake 16,608 kwa sababu waliopewa estrojeni na projestini walizidi kupata saratani ya matiti, kiharusi, shida za moyo na damu kuganda. Habari hiyo iliwatisha watu dunia nzima. Baadaye takwimu zilipochambuliwa vizuri, ilionekana kwamba kwa mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye hazijapita miaka 10 tangu akome hedhi, na ambaye joto na jasho vinamtesa, faida kwa kawaida huzidi hatari, mradi daktari ampime kwanza na amfuatilie. Aliye na saratani ya matiti, au aliyewahi kupata kiharusi au damu kuganda, njia hiyo kwa kawaida si yake. Mama mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, kwani huleta saratani ya mfuko huo. Anayetumia homoni akiona giza la ghafla katika jicho moja, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana damu yaweza kuganda hata katika mishipa ya jicho.

Kwa hiyo mama anayetumia tiba hiyo kwa sababu nzuri asiitupe kwa kusoma ukurasa huu. Amweleze daktari wake kwamba macho yanakauka. Kipimo au namna ya dawa vyaweza kubadilishwa. Kinachotutia wasiwasi ni kingine: zile chupa na vidonge vinavyonadiwa minadani, ndani ya mabasi, na siku hizi kwenye simu, kwamba "vinasawazisha homoni" na kuondoa ukungu wa macho kwa pamoja. Mama anauza debe mbili za mahindi ananunua kitu asichojua kimewekwa nini ndani. Hali kadhalika vidonge vya kupanga uzazi vya binti yako si tiba ya kukoma hedhi. Vina kipimo kingine na kazi nyingine.

Yasiyo ya hedhi, ila huja wakati mmoja nayo

Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Mama anaanza kusogeza kitabu cha nyimbo mbali na uso, mpaka mkono unakuwa mfupi. Sindano haiingii uzi. Mawe katika mchele hayaonekani. Katika uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kutolewa mwaka 2006, asilimia 61.7 ya watu wa miaka 40 na zaidi walikuwa na hali hiyo, na wanawake waliipata kuliko wanaume. Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Miwani haiharibu macho, wala kukataa kuivaa hakuyaimarishi. Upimwe lakini, usiazime tu ya jirani, kwa sababu anayepima miwani ndiye pia anayeweza kugundua yanayofuata.

La kwanza ni mtoto wa jicho, yaani lenzi kuingia ukungu. Hauumi. Hautibiki kwa matone wala kwa majani, bali kwa upasuaji mfupi ambapo lenzi iliyoharibika hutolewa na kuwekwa ya bandia. Wanawake hupata ugonjwa huu zaidi, lakini mahali pengi hufanyiwa upasuaji kwa uchache kuliko wanaume. Watafiti waliofanya kazi mkoani Kilimanjaro waliandika mwaka 2005 kwamba kwenda au kutokwenda si uamuzi wa mgonjwa peke yake, ni wa familia nzima. Bibi husema "mimi ni mzee, fedha zisomeshe watoto," na watoto hukubali upesi mno.

La pili ni presha ya macho, na hili ndilo la kuogopwa zaidi. Presha hii si ile ya damu inayopimwa mkononi. Hula mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, kuanzia pembeni, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kule Kongwa, katika watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi waliopimwa na matokeo kutolewa mwaka 2000, zaidi kidogo ya 4 katika kila 100 walikuwa nayo. Hapa kukoma hedhi kunaingia tena: uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, ulionyesha kwamba waliokoma kabla ya miaka 45 waliipata zaidi kuliko waliokoma baada ya miaka 50. Basi mama aliyekoma mapema, au aliyetolewa ovari, au mwenye ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu, apimwe hata kama anaona vizuri. Iko pia namna yake ya ghafla: jicho jekundu, maumivu makali ya jicho na kichwa, kutapika, kuona duara za rangi kuzunguka taa. Hiyo isingoje asubuhi.

Matone ya kununua bila kupimwa

Jicho likiwasha, wengi hukimbilia duka la dawa na kuomba "dawa ya macho". Baadhi ya matone yanayouzwa yana steroidi, kama vile deksamethazoni. Huleta nafuu ya haraka sana, na ndiyo hatari yake. Mama ananunua chupa ya pili, ya tano, ya kumi, na huku presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anakomaa. Alianza na ukavu uliohitaji kitambaa cha uvuguvugu, anaishia na upofu. Muulize muuzaji waziwazi kama matone hayo yana steroidi. Kama yana, usiyatumie pasipo maelekezo ya daktari wa macho.

Na majani yaliyotwangwa, mkojo, maji ya chumvi? Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, karibu robo ya wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho walioelezwa katika taarifa ya mwaka 1994 walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Hatudharau waganga wanaojua mitishamba ya tumbo au kikohozi. Ila jicho halina ngozi ya kulikinga.

Kwa wanaotumia ARV

Mkoa wetu, katika uchunguzi wa kitaifa wa 2022-2023, ulikuwa na kiwango cha juu cha VVU kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa msaada wa ARV akina mama wengi wanaoishi na virusi sasa wanafikia umri wa kukoma hedhi, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra. Mama huyo akitaka tiba ya homoni amtajie daktari dawa zake zote, kwa kuwa baadhi ya ARV hugongana na homoni. Na mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, asisubiri tarehe ya kliniki. Unaweza kuingia jichoni kwa siku chache.

Pa kuanzia

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe pia shinikizo la damu na sukari, kwani vyote viwili huharibu jicho kwa ndani. Omba barua ya rufaa kwenda kitengo cha macho katika hospitali ya mkoa. Tatizo likiwa kubwa zaidi utapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kabla ya kulipa nauli, uliza kwanza siku za kliniki ya macho na kama daktari yupo. Chukua dawa zote unazotumia, hata zile za kununua mnadani, uziweke katika mfuko mmoja. Nenda na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi, kwa sababu utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga utakuumiza na hutaona vizuri vya karibu.